Sura ya Tano: Nani Alilazwa, na Alihitaji Nini

Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, aliwatangazia Wakenya mgonjwa wa kwanza wa korona: mwanamke wa miaka 27 aliyerejea kutoka Marekani kupitia London. Alikuwa amelazwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, joto limeshuka, hali yake nzuri. Tarehe 26 mwezi huohuo akatangaza kifo cha kwanza: mwanamume wa miaka 66, mwenye kisukari, aliyeingia nchini kutoka Afrika Kusini kupitia Eswatini na kufia katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Ukiwaweka hao wawili pamoja unapata karibu habari yote ya wodi za korona za Kenya mwaka ule. Mmoja ni kijana ambaye, kama si amri ya kutengwa, angeuguzwa nyumbani kwa chai ya tangawizi na Panadol. Wa pili ni mtu mzima mwenye ugonjwa wa siku nyingi ambaye mapafu yakishagoma hana budi kupewa oksijeni, tena nyingi, tena mara moja. Hospitali iliwapokea wote kwa mlango mmoja. Kazi iliyofuata, kwa karibu miaka miwili, ilikuwa kumtambua yupi ni yupi, na kuwa na cha kumpa yule wa pili.

Tuanze na mlango wenyewe. Miezi ile ya kwanza serikali iliamua kwamba kila anayepatikana na virusi, awe anaumwa au haumwi, atengwe. Gari la wagonjwa lilifika mtaani na wahudumu waliojifunika kuanzia unyayo hadi utosi, majirani wakachungulia madirishani, na mtu asiyekohoa hata mara moja akapelekwa Mbagathi au Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa. Huko akakaa akisubiri majibu ya maabara yarudi hasi. Nia ilikuwa njema, kwa maana hakuna aliyejua virusi vingeenda kasi gani katika mitaa yetu. Lakini kila kitanda alicholalia mtu mwenye afya ni kitanda kilichoondolewa kwenye hesabu. Juni 2020 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo wa kuwahudumia nyumbani wasio na dalili na wenye dalili ndogo. Wapo waliouliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, mtu anayeishi chumba kimoja Mathare na watoto wanne atajitenga kona gani. Hata hivyo naona mwongozo ule ulifanya kazi kubwa kuliko matangazo mengi yaliyopigiwa tarumbeta mwaka huo. Uliwarudishia wauguzi wodi zao.

Na wasio na dalili walikuwa wengi kuliko tulivyodhani. Watafiti walipopima sampuli 3,098 za damu iliyochangwa kati ya Aprili na Juni 2020, walikadiria kwamba takriban asilimia 4.3 ya Wakenya walikuwa na kingamwili za virusi hivi, yaani karibu mtu 1 kati ya 23, na kiwango kikawa juu zaidi Mombasa na Nairobi. Wakati huo, mwisho wa Juni, hesabu rasmi ya waliothibitishwa ilikuwa kama watu 6,000 tu nchi nzima. Virusi vilishapita Likoni na Kawangware, vikapanda matatu na kushuka, na wengi wa waliovibeba hawakuwahi kujua.

Basi waliolazwa walikuwa watu gani? Jibu bora la kipindi kile linatoka kwa kundi la madaktari walioongozwa na Loice Achieng Ombajo, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliokusanya kumbukumbu za wagonjwa 787 waliolazwa nchini katika miezi ya mwanzo ya janga. Umri wa kati ulikuwa miaka 43. Wanaume walikuwa asilimia 64. Walioingia wakiwa na dalili yoyote walikuwa 455, asilimia 58. Waliobaki walilazwa kwa sababu ya kipimo cha maabara tu. Kikohozi ndicho kilichoongoza, asilimia 43, kikifuatwa na kupotewa na ladha au harufu, asilimia 35. Homa ilionekana kwa asilimia 16.

Hapo kwenye homa pana jambo la kusimama kidogo. Kwa miaka miwili hatukuingia dukani, kanisani, msikitini wala benki bila askari wa mlangoni kutuelekezea kile kipima joto chenye umbo la bastola. Wengine walipima paji la uso, wengine mkono, wengine walipima hewa tu wakaturuhusu. Sasa, kati ya watu waliokwisha kulazwa hospitalini kwa korona, chini ya 1 kati ya 5 alikuwa na homa. Hata tukiwaondoa wasio na dalili yoyote, homa inabaki kwa watu wasiofika 3 kati ya 10. Bastola ile ingewapitisha waliobaki wote, na kuwatakia ununuzi mwema. Mtungi wa maji na sabuni uliokaa kando yake ulikuwa na manufaa zaidi.

Turudi wodini. Wagonjwa 340 kati ya wale 787, sawa na asilimia 43, walikuwa na ugonjwa mwingine tayari: asilimia 17 magonjwa ya moyo na mishipa, asilimia 15 kisukari, asilimia 7 virusi vya Ukimwi. Wagonjwa 90 walihamishiwa chumba cha mahututi na kukaa huko siku 11 kwa wastani. Waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia walikuwa 52, kwa wastani wa siku 10. Waliofariki walikuwa 107, yaani asilimia 14. Hatari ya kufa iliongezeka kwa waliopita miaka 60, kwa wanaume, na zaidi ya yote kwa wenye ugonjwa mwingine: hao hatari yao ilizidi maradufu.

Asilimia 14 inasikika kama habari njema ukiiweka karibu na ya Uingereza. Huko, utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa 20,133 katika hospitali 208, waliolazwa kati ya Februari na katikati ya Aprili 2020, ulikuta umri wa kati wa miaka 73 na vifo vya asilimia 26, huku asilimia 34 wakiwa bado vitandani siku ya kuhesabu. Mwaka ule niliwasikia watu wengi wazima na akili zao wakisema Mwafrika ana damu nzito, jua linatukinga, ugali unatukinga. Takwimu kama hizi ndizo walizozishika.

Lakini soma tena. Zaidi ya watu 300 kati ya wale 787 wa Kenya hawakuwa na dalili siku walipolazwa. Huko Uingereza mtu wa namna hiyo asingepata hata kitanda. Angeambiwa abaki nyumbani. Tukichukulia kwamba karibu vifo vyote 107 viliwapata wale 455 waliofika wakiumwa, tunapata kifo 1 kwa kila wagonjwa 4 hivi. Hesabu hii ni yangu na si ya watafiti, na ina matundu yake, kwa kuwa aliyeingia mzima siku ya kwanza aliweza kuzidiwa siku ya sita. Bado inatosha kuonyesha kitu kinachotisha: Mkenya wa makamo aliyefika wodini akiumwa kweli alikabili hatari inayokaribiana na ya bibi au babu wa Kiingereza aliyemzidi miaka 30.

Ujana wa taifa ulitukinga, hilo halina ubishi. Katika sensa ya 2019 Kenya ilikuwa na watu milioni 47.6, na waliofika miaka 60 walikuwa kama asilimia 6 tu. Kinga hiyo ilikuwa ya taifa kwa jumla, kabla ya kufika hospitali. Mtu mmoja mmoja aliyeshindwa kupumua hakuwa na faida nayo. Yeye alihitaji vitu, na vitu vyenyewe vilikuwa vichache.

Mashine za kupumulia ndizo zilizotajwa zaidi. Aprili 2020 kila taarifa ya habari ilikuwa na hadithi yake, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wakaunda yao wenyewe, jambo lililotupa fahari wakati fahari ilikuwa adimu. Edwine Barasa na wenzake wa taasisi ya utafiti ya KEMRI-Wellcome walikuwa wameshakaa chini kuhesabu. Nchi nzima, hospitali za umma na za binafsi pamoja, ilikuwa na vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia 256. Kati ya kaunti 47, ni 22 tu zilizokuwa na angalau chumba kimoja cha mahututi. Gawanya mwenyewe: kitanda kimoja kwa watu kama 88,600, na mtu wa kaunti nyingine 25 aanze kwa kutafuta gari.

Sasa chukua zile siku 10 za wastani. Mashine moja inahudumia wagonjwa watatu kwa mwezi. Mashine 256 zinahudumia kama 770, mradi hakuna iliyoharibika, umeme haujakatika, na hakuna ajali hata moja barabara ya Mombasa wala mama aliyezidiwa baada ya upasuaji. Kisha mashine yenyewe haijiendeshi. Mgonjwa aliyeingizwa mpira kooni anahitaji dawa za kumlaza usingizi saa zote, daktari wa nusukaputi anayejua kurekebisha shinikizo la hewa, muuguzi wa mahututi asiyemwacha, vipimo vya damu mchana na usiku, na mara nyingi mashine ya kumsafisha damu figo zikichoka. Kununua sanduku bila kuajiri watu hao ni kununua pambo.

Zaidi ya hayo, wengi wa wagonjwa hawakuihitaji. Takwimu za mwanzo za China, za watu 44,672 waliothibitishwa, zilionyesha asilimia 81 wakiugua kwa wepesi, asilimia 14 wakiugua vikali na asilimia 5 wakiwa mahututi. Lile fungu la katikati ndilo la kuangalia. Hao ni watu ambao oksijeni ya kutosha, wakiipata mapema, huwarudisha nyumbani bila kuona mlango wa chumba cha mahututi. Wakiikosa, ndio wanaokwenda kugombea zile mashine 256.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na hila. Virusi vikishuka mapafuni, vifuko vya hewa huvimba na kujaa maji, damu ikapita bila kubeba oksijeni ya kutosha. Kwa kawaida mtu wa hali hiyo hutweta na kuhangaika. Wa korona aliweza kuketi kitandani akizungumza kwa simu, akimwuliza mkewe kama mtoto amekula, huku kifaa kidoleni kikisoma 80. Mtu mwenye afya husoma 95 hadi 100. Chini ya 90 ni hatari. Kwa macho tu asingejulikana. Kwa hiyo kifaa cha thamani kuliko vyote wodini kilikuwa kile kidogo cha kubana kidoleni, oksimita, kinachoingia mfukoni na kutumia betri mbili. Zahanati isiyokuwa nacho ilimrudisha mtu nyumbani na dawa ya kikohozi, na siku ya tatu akarudishwa amebebwa.

Baada ya kipimo ni oksijeni yenyewe, na hapa inafaa kuingia ndani ya wodi na kuhesabu. Mgonjwa wa hali ya kati hupewa vijibomba vya puani, lita 5 kwa dakika. Akizidi, barakoa yenye mfuko chini yake, lita 10 hadi 15. Kuna vifaa vya kusukuma oksijeni puani kwa nguvu vinavyofika lita 60 kwa dakika. Ule mtungi mkubwa wa chuma, mrefu karibu kumfikia mtu, unaobingirishwa kwa ukingo wake sakafuni na kelele zake zote, hubeba kama lita 6,800 za gesi. Kwa lita 5 unadumu karibu siku nzima. Kwa lita 15 unaisha baada ya saa 7 na nusu. Kwa lita 60 haufikishi hata saa 2.

Wachukue wagonjwa sita tu katika hospitali ya kaunti, kila mmoja kwenye lita 15. Ni mitungi 19 kwa siku. Usiku wauguzi ni wawili. Mmoja anazunguka akitazama mishale ya vipimo juu ya mitungi, spana mfukoni, kwa sababu mtungi ukiisha lazima mwingine ufungwe kabla mgonjwa hajageuka rangi. Kila anayepikia gesi anajua moto unavyozima nyama ikiwa nusu mbichi. Hapa sufuria ni kifua cha mtu. Asubuhi lori linakwenda kujaza. Kutoka Lodwar hadi Nairobi, kwenye viwanda vikubwa vya gesi, ni zaidi ya kilomita 600. Lori likikwama njiani, hakuna daktari bingwa wala waziri atakayemsaidia mgonjwa wa kitanda cha tatu.

Ziko njia nyingine. Mashine ndogo ya kuchuja oksijeni kutoka hewani hutoa lita 5 hadi 10 kwa dakika, inafaa sana kwa watoto na wagonjwa wa wastani, ila hunyamaza umeme ukikatika. Hospitali yenye mtambo wake hupitisha hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21, katika chembechembe za madini zinazonasa naitrojeni, na kinachobaki huenda moja kwa moja kitandani kwa mabomba ya ukutani. Hospitali kubwa huweka tangi la oksijeni ya majimaji. Kenya haikuwa ugenini katika haya: kampuni ya kijamii ya Hewatele ilikuwa tayari na mtambo Siaya kabla korona haijazaliwa, ikizijazia mitungi hospitali za magharibi kwa sababu watoto wenye nimonia walikuwa wakifa kwa kukosa gesi hiyohiyo. Janga lilikuta mahitaji ya zamani, likayazidisha.

Dawa ilipopatikana nayo ikaegemea kwenye oksijeni. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Oxford walitangaza kwamba deksamethasoni, steroidi ya bei ya chini iliyokuwepo tangu miaka ya 1950, inaokoa maisha. Miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10. Kati ya wagonjwa 100 walio kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka 41 hadi 29. Kwa walio kwenye oksijeni ya kawaida, kutoka 26 hadi 23. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia kitu, pengine iliwadhuru. Angalia mpangilio huo: ili daktari ajue amwandikie nani, lazima kwanza awe na oksimita. Mtu aliyeinunua dukani akaimeza kwa hofu, kifua chake kikiwa safi, alipunguza kinga yake mwenyewe, na kama ana kisukari, akapandisha sukari.

Kulala kifudifudi nako kulisaidia. Mapafu ya nyuma hufunguka uzito ukiondolewa, na kiwango cha oksijeni hupanda. Haina gharama ya vifaa. Ila kumgeuza mgonjwa aliyelazwa usingizi, mwenye mpira kooni na mirija mikononi, ni kazi ya watu wanne au watano kwa wakati mmoja, na ndipo tunaporudi kwenye idadi ya wauguzi zamu ya usiku.

Kilichotokea kwa walioshindwa kupata haya yote kinajulikana. Utafiti uliofuatilia wagonjwa mahututi 3,077 wa korona katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, kati ya Mei na Desemba 2020, ulikuta asilimia 48 wakifariki ndani ya siku 30. Wastani wa dunia kwa wagonjwa wa kiwango hicho ulikuwa kama asilimia 31.5. Wengi wao hawakuwa wazee. Hizo pointi 16 na ushei katikati hazikuletwa na kirusi, kwa sababu kirusi kilikuwa kilekile.

Gharama nazo zisipitwe. Barasa na wenzake walipiga hesabu ya siku moja ya kumhudumia mgonjwa mmoja: kama shilingi 2,000 nyumbani, kama 6,700 akitengwa hospitalini bila dalili kubwa, kama 13,100 akiwa mgonjwa mkali kwenye wodi ya kawaida, na kama 63,200 akiwa chumba cha mahututi. Zidisha hiyo ya mwisho kwa zile siku 11 za wastani, unakaribia shilingi laki saba kwa mtu mmoja. Tofauti kati ya wodi na mahututi ni karibu mara tano. Kila mgonjwa aliyepata oksijeni mapema akazuiwa kuvuka mlango ule aliokoa fedha ambazo zingetosha karibu siku nne zaidi za wodi kwa kila siku moja ya mahututi. Wanaosema oksijeni ni ghali hawajapiga hesabu ya kuikosa.

Mwaka 2021 ulileta mtihani mkubwa zaidi. Chanjo za kwanza, dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, zilitua Nairobi mwanzoni mwa Machi, lakini wimbi la tatu lilikuwa limeshatangulia. Tarehe 26 Machi Rais Uhuru Kenyatta alifunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Vyumba vya mahututi vilijaa. Familia zilipiga simu hospitali moja baada ya nyingine kutafuta kitanda, na wenye uwezo wakanunua mitungi ya oksijeni na kuiweka nyumbani, mpaka serikali ikawasihi wairudishe ikajazwe kwa ajili ya wagonjwa waliokuwa wodini wakati huo. Sioni sababu ya kuwalaumu sana. Aliyeona jirani akifa njiani akitafuta kitanda ataweka mtungi sebuleni. Wa kulaumiwa ni mpango uliomfikisha hapo.

Miezi michache baadaye aina mpya ya virusi, Delta, ikalipuka Kisumu na kaunti za magharibi, na Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ikalemewa. Safari hii waliolazwa kwa sababu ya kipimo tu walikuwa wachache; wengi walifika wakihema. Omikroni ilipoingia mwisho wa mwaka iliambukiza haraka mno, ila wodi hazikujaa vile tena, maana wengi walikuwa wameshaugua, na wengine wameshachanjwa.

Kuhusu waliofanya kazi hiyo niseme machache, ingawa wanastahili sura yao. Julai 2020 Kenya ilimpoteza daktari wake wa kwanza kwa korona, mwanamke wa miaka 39, bingwa wa afya ya wanawake, mwenye kisukari: hakuwa mzee wala mwanamume, ila alikuwa na ugonjwa mwingine, ile sifa ya hatari kuliko zote ambayo takwimu zilikuwa zinaanza kuionyesha. Desemba akafariki daktari wa miaka 28 aliyekuwa ametumikia wodi ya korona kwa miezi bila kulipwa. Wauguzi na matabibu waligoma tarehe 7 mwezi huo, madaktari wakafuata tarehe 21. Walidai vifaa vya kujikinga, bima na ajira. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa la anasa.

Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na bajeti ya kaunti haipiti bila wananchi kuitwa kutoa maoni. Mara nyingi vikao hivyo huwa na viti vitupu na maswali ya barabara. Cha kwako kikiitishwa, nenda, na uwaulize wahusika mambo matatu: ni vitanda vingapi vya hospitali ya kaunti vyenye oksijeni ya bomba ukutani, ni zahanati ngapi zenye oksimita inayofanya kazi, na nani ameajiriwa kutengeneza mtambo ukiharibika. Omba majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Mtoto mwenye nimonia anayelazwa leo usiku katika hospitali hiyo anahitaji majibu yaleyale.